Karani tamba: ndege anavyopungua huku ramani ikisema bado yupo

Afrika Kusini ina ramani kubwa mbili za ndege. Ya kwanza ilitokana na kazi iliyofanyika zaidi kati ya 1987 na 1991. Ya pili ilianza mwaka 2007 na inaendelea hadi leo. Ukizitazama haraka, karani tamba haonekani kuwa na shida. Zamani alikuwa ameenea sehemu kubwa ya nchi, na sasa bado anaandikwa sehemu kubwa ya nchi. Lakini mwaka 2014 watafiti Sanja Hofmeyr, Craig Symes na Les Underhill walizichambua data zilezile za ramani hizo wakapata jibu jingine: ndege huyu amepungua sana, hata ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kruger, mahali ambapo mtu angedhani yuko salama kuliko kwingine.

Data hizo hazikukusanywa na watafiti hao. Zilikusanywa na maelfu ya watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa na kazi zao nyingine kabisa, waliotumia mapumziko yao kuandika majina ya ndege. Basi swali ni hili: inakuwaje orodha za watu wa kawaida zigundue jambo ambalo ramani iliyochorwa kwa orodha hizohizo inalificha? Tukilielewa hilo, tutakuwa tumeelewa sehemu kubwa ya kile kinachoitwa sayansi ya wananchi, na kwa nini nyingine inafaa na nyingine inapoteza muda wa watu.

Kwanza ndege mwenyewe. Karani tamba ni mla nyama, jamaa wa mbali wa tai na vipanga, ila amewekwa katika familia yake peke yake duniani. Ana kimo cha mita 1.3 hivi, miguu mirefu kama ya korongo, manyoya meusi yanayoshuka hadi gotini, na kishungi kilichotawanyika kisogoni. Anaweza kuruka vizuri, lakini mawindo yake huyatafuta kwa miguu. Kwa siku moja anaweza kutembea kilomita 20 na zaidi katika nyasi, akikanyaga hapa na pale ili kuwashtua panzi, panya na mijusi. Sifa yake ya kuua nyoka ni ya kweli, ingawa chakula chake cha kila siku zaidi ni wadudu na wanyama wadogo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima teke la karani tamba mmoja aliyefugwa: nguvu yake ilifikia mara tano ya uzito wa ndege mwenyewe, na mguu uligusa shabaha kwa takriban sehemu 15 tu za elfu ya sekunde. Yupo katika nembo ya taifa ya Afrika Kusini, na Sudan pia imemweka katika nembo yake.

Mwaka 2011 orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini ilimhesabu rasmi kuwa miongoni mwa walio katika tishio. Mwaka 2020 alipandishwa tena hadi ngazi ya walio hatarini kutoweka.

Kumhesabu ndege wa namna hii ni kazi ngumu. Hakai kwa makundi makubwa, hana kituo kimoja kama flamingo wa Ziwa Natron, na jozi moja huhitaji eneo pana. Mtafiti mwenye gari moja na bajeti ya miaka mitatu anaweza kuifahamu vizuri tarafa moja. Nchi nzima hataiweza. Hapo ndipo macho mengi yanapohitajika, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Kwa kawaida mtu anayependa ndege huandika alichofurahia kukiona. Akimwona karani tamba, anapiga picha, anaituma. Asipomwona, hatumi kitu. Rekodi za namna hii zikijaa kwenye kompyuta zinaonyesha tu kwamba mahali fulani, siku fulani, ndege alikuwepo. Haziwezi kusema kama amepungua, kwa sababu idadi ya picha hutegemea idadi ya watu wenye simu kuliko idadi ya ndege. Watu wenye kamera nzuri wameongezeka sana katika miaka 20 iliyopita. Ndege anaweza kupungua kwa nusu huku picha zake zikizidi mara kumi. Ni sawa na mwenye duka anayeandika daftarini siku alizouza tu: mwisho wa mwaka daftari litampendeza, ila halitamwambia kama biashara inakufa.

Dawa yake ni kubadilisha kinachoandikwa. Mradi wa ramani haukuulizi kama umemwona karani tamba. Unakutaka uandike ndege wote uliowatambua katika eneo lililopimwa, kwa muda uliowekwa. Ukifanya hivyo, kila jina ambalo halimo katika orodha yako nalo linabeba taarifa. Uliandika ndege 62, ulikuwa na saa za kutosha, ulipita katika nyasi, na karani tamba hayumo. Hiyo ni rekodi, na kwa mtafiti ina thamani ileile ya orodha yenye karani tamba ndani yake.

Kutoka hapo hesabu ni nyepesi. Tuseme mraba mmoja ulikuwa na orodha 50 katika miaka ya themanini, na karani tamba alikuwemo katika 20. Hiyo ni asilimia 40. Miaka 20 baadaye mraba huohuo una orodha 200, naye yumo katika 24. Kwa wingi wa rekodi ameongezeka, kutoka 20 hadi 24. Kwa asilimia ameshuka hadi 12. Na katika ramani ya rangi mbili, yupo au hayupo, hakuna kilichobadilika: mraba ulikuwa na rangi, na bado unayo. Ndege mmoja aliyepita siku moja anatosha kuupaka rangi mraba mzima. (Tarakimu hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano, lakini ndivyo asilimia ya orodha inavyofanya kazi.) Ramani ya kuwepo na kutokuwepo huwa ya mwisho kupata habari, hubadilika pale tu ndege wa mwisho anapotoweka katika mraba, na wakati huo hakuna tena cha kuokoa.

Lakini kulinganisha asilimia za vipindi viwili si rahisi hivyo, na hapa ndipo watafiti hutoka jasho. Ramani ya kwanza ya Afrika Kusini ilitumia miraba ya robo nyuzi za latitudo na longitudo, yenye takriban kilomita 27 kila upande, na orodha moja iliweza kujazwa kwa muda wa hadi mwezi mzima. Ramani ya pili inatumia miraba midogo inayoitwa pentadi, ya dakika tano za latitudo kwa dakika tano za longitudo (dakika hapa ni sehemu moja kati ya sitini za nyuzi, si ya saa). Tisa kati yake zinaingia katika mraba mmoja wa zamani. Orodha yake inataka angalau saa mbili za kutafuta kwa bidii, kisha unaruhusiwa kuongeza majina hadi siku tano. Sasa fikiria: mtu aliyezunguka eneo kubwa kwa mwezi mzima ana nafasi kubwa zaidi ya kukutana na karani tamba kuliko mtu aliyezunguka eneo dogo kwa asubuhi moja. Hata kama ndege hakupungua hata mmoja, asilimia ya orodha ingeweza kushuka kwa sababu tu kanuni zimebadilika.

Ndiyo maana Hofmeyr na wenzake hawakuchukua asilimia mbili wakatoa moja kwa nyingine. Ilibidi watumie njia ya kulinganisha vipindi hivyo na kupima kama tofauti waliyoiona ni kubwa kuliko ile ambayo bahati peke yake ingeweza kuleta. Mimi naona hii ndiyo sehemu inayosahaulika zaidi watu wanapousifu mchango wa wananchi. Mtu wa kujitolea analeta macho na miguu. Kanuni ya kukusanya na hesabu ya baadaye ndizo zinazoamua kama jasho lake litasema kweli.

Watafiti hao walikuwa na chanzo kingine cha wananchi cha kuwasaidia, kilichofanya kazi kwa namna tofauti kabisa. Tangu 1993, mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, watu wa kujitolea nchini humo huendesha magari katika njia zilezile za mashambani wakihesabu ndege wakubwa wa nchi kavu: korongo, tandawala, karani tamba. Husimama kila baada ya kilomita mbili, hushuka na kuangaza kwa darubini pande zote. Njia ni zaidi ya 300. Kwa kuwa njia na miezi havibadiliki, mtu halazimiki kujiuliza kama mwaka huu watu walitafuta kwa bidii kuliko mwaka jana. Hesabu hizi pia huandika ndege alikuwa amesimama wapi, katika nyasi za asili au shambani, jambo ambalo orodha za ramani hazisemi.

Na hapo sababu zikaanza kuonekana. Karani tamba anahitaji nyasi fupi hadi za wastani ambamo anaweza kuona na kutembea. Mahali ambapo vichaka na miti ya miiba vimeivamia nyika, anaondoka. Hili linaweza kueleza fumbo la Kruger: uzio wa hifadhi huzuia bunduki na matrekta, hauzuii nyasi kugeuka kichaka. Kuzunguka Pretoria, jiji lilipotanuka ndege alirudi nyuma. Mashambani habari ilikuwa nzuri kidogo kuliko ilivyotarajiwa, kwani wengi walionekana katika ardhi ambayo tayari imelimwa au kubadilishwa. Kwa hiyo mkulima si adui wa lazima wa ndege huyu, mradi abakize nyasi za kuwindia na mti wa miiba wa kujenga kiota.

Sasa tuje huku kwetu. Mwaka 2022 mtafiti Darcy Ogada na wenzake walichapisha uchunguzi wa ndege wala nyama wa Kenya wakilinganisha hesabu za barabarani za 1970 hadi 1977 na zile za 2003 hadi 2020. Za zamani zilifanywa na Mfaransa Jean-Marc Thiollay, aliyeendesha gari huku akiandika kila ndege mla nyama aliyemwona. Kipimo ni idadi ya ndege kwa kila kilomita 100. Kati ya spishi 22 zilizochambuliwa, 19 zilishuka, na karani tamba ni miongoni mwa zilizoporomoka zaidi: kwa zaidi ya asilimia 90. Shakivale, ambaye watu wengi wa nyanda za juu wamemzoea juu ya nguzo za umeme, naye yumo katika kundi hilo. Mwaka 2024 ulifuata uchambuzi wa spishi 42 uliounganisha hesabu za Kenya na za Afrika Magharibi, Kamerun na kaskazini mwa Botswana. Spishi 37 zilikuwa zimepungua, na nje ya hifadhi hali ilikuwa mbaya zaidi ya mara mbili kuliko ndani.

Hesabu hizo za Kenya ni za wataalamu, si za wananchi, na zinaonyesha pengo lililopo. Kati ya 1977 na 2003 kuna robo karne ambayo uchunguzi huo hauna hesabu. Tunajua ndege walikuwa wengi mwanzoni na wachache mwishoni. Walianguka lini hasa? Kwa mkupuo au kidogo kidogo? Uzio ulipoanza, au sumu ilipoenea? Bila orodha za katikati, mtu anabaki kukisia.

Pengo la namna hiyo ndilo ramani ya ndege ya Kenya inajaribu kulizuia lisitokee tena. Kenya ilikuwa tayari na ramani iliyochapishwa mwaka 1989, iliyoandikwa na Adrian Lewis na Derek Pomeroy, yenye miraba ya nusu nyuzi kila upande. Ni miraba mikubwa. Ramani mpya, ambayo Makumbusho ya Taifa ya Kenya na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya ni miongoni mwa wanaoiendesha, ilianza katika muongo uliopita kwa kufuata kanuni zilezile za pentadi za Afrika Kusini. Kwetu karibu na ikweta, pentadi moja ina zaidi kidogo ya kilomita tisa kila upande. Saa mbili, majina yote, kwa mpangilio ulivyowaona. Mpangilio huo nao una kazi yake: ndege wanaotokea mapema katika orodha nyingi kwa kawaida ndio walio wengi, na spishi ikianza kusogea kuelekea mkiani mwaka hadi mwaka, ni dalili ya kufuatiliwa. Programu ya simu iitwayo BirdLasser huhifadhi saa na mahali, na hufanya kazi hata pasipo mtandao, jambo la muhimu ukiwa Kajiado ndani. Tanzania nayo ina ramani yake, iliyoanzishwa na Neil na Liz Baker katika miaka ya themanini, ambayo imekusanya rekodi za miongo kadhaa.

Nairobi kuna utamaduni wa kuanzia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la Nature Kenya limekuwa na matembezi ya ndege kila Jumatano asubuhi, na jina la Fleur Ng'weno, aliyeyaongoza kwa miaka mingi, halitenganishwi nayo. Vijana wengi wanaoongoza watalii leo walijifunzia humo kutofautisha kozi na kipanga. Nawaambia wanaodhani sayansi ya wananchi inaanza na programu ya simu: inaanza na mtu anayekuonyesha ndege yuleyule mara ishirini bila kuchoka.

Kasoro iko katika ramani yenyewe. Miraba ya Nairobi, Naivasha na pwani ya Watamu hupata orodha nyingi. Kaskazini, kuelekea Turkana na Mandera, watu ni wachache, barabara ni chache na usalama ni wa mashaka. Data hufuata lami, wikendi na wenye darubini. Hesabu inaweza kurekebisha sehemu ya upendeleo huo, kwa mfano kwa kulinganisha miraba yenye orodha za kutosha pekee. Haiwezi kuzua rekodi mahali ambapo hakuna aliyekwenda. Na hapa kuna jambo linaloniudhi kidogo. Mchungaji wa Kimaasai wa nyanda za Kapiti, kusini-mashariki mwa Nairobi, anamwona karani tamba mara nyingi kuliko daktari yeyote wa ikolojia, anajua mti ulio na kiota, na anakumbuka mwaka seng'enge zilipofika. Lakini mradi unaotaka uandike kwa jina kila ndege unayemtambua, hadi shomoro mdogo wa kahawia, unamfungia nje. Kwa ndege mkubwa asiyefanana na mwingine yeyote, njia fupi inawezekana: njia ya kila siku ya malisho, spishi tano au sita kubwa, na alama ya sifuri siku ambazo hakuna kilichoonekana. Sharti ni sifuri hizo ziandikwe. Ni zilezile kanuni za hesabu za barabarani za Afrika Kusini, ila kwa miguu.

Viota ni habari nyingine. Orodha nyingi ni bora kuwa wazi kwa wote, lakini mahali pa kiota cha ndege anayewindwa kwa biashara au anayeweza kutelekeza mayai akisumbuliwa hapafai kutangazwa. Miradi makini huficha mahali kamili, ikionyesha mraba tu, na taarifa ya kiota hupelekwa kwa mtafiti moja kwa moja. Mpiga picha anayesogea chini ya mti ili apate kinda vizuri ameshaidhuru kazi anayodhani anaisaidia.

Kuna pia hatari ambazo hazisubiri asilimia za orodha. Tumbusi wa Mara na Amboseli huuawa kwa sumu: mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa simba humwagia mzoga dawa ya wadudu, na tumbusi kadhaa hufa alasiri moja. Hapo kinachotakiwa kwa mwanajamii ni simu ya haraka, kwa sababu mzoga usipochomwa au kufukiwa utaendelea kuua kesho. Shirika la The Peregrine Fund na washirika wake wamekuwa wakiwafunza askari wa wanyamapori na wanavijiji wa maeneo hayo namna ya kutambua tukio la sumu, kujikinga na kuuteketeza mzoga. Ni mchango wa wananchi vilevile, ila wa aina nyingine, na ukiuchanganya na orodha za ramani utaharibu vyote viwili: anayeripoti mizoga hatoi picha ya idadi ya ndege, na anayejaza pentadi hawezi kufika kwa wakati.

Kwa karani tamba wa Athi na Kapiti ni tofauti. Hatari zake ni za polepole: ardhi inayogawanywa vipande, seng'enge zinazomkata anapotembea au kuanza kuruka, nyaya za umeme, malisho yaliyokwisha. Hizi ndizo orodha za mara kwa mara zinaweza kuzinasa. Mtu anayeishi Kitengela, Isinya au Konza akitaka kuanza, afanye pentadi yake mwenyewe mara nne kwa mwaka, apite katika nyasi wala si kando ya lami tu, na asiuache msimu wa mvua eti kwa sababu nyasi ni ndefu na ndege hawaonekani. Ugumu huo wa kuonekana hujirudia kila mwaka; orodha za mvua zikilinganishwa na za mvua, na za kiangazi na za kiangazi, hauharibu kitu. Kinachoharibu ni mtu kwenda pale tu aliposikia kwamba ndege ameonekana.